Bilula ya Pili

Ya kwanza, ya chini ya rejeta, haikunisumbua:
matone matatu ya mafuta, spana ndogo, ikakubali.
Ya pili imejificha ubavuni mwa injini,
nyuma ya dinamo, mahali ambapo mkono hufika
na jicho halifiki.
Hiyo ndiyo iliyonilaza chali siku nne
juu ya gunia, bandani kwetu Matlock, mwezi wa Februari,
nikiibembeleza shaba.

Gari ni Wolseley ya baba, nyeusi,
miaka sitini chini ya turubai.
Dawa ya kuzuia maji yasigande ilikuwa ghali,
na Cuthbert Allsop, mama akisema, ana mkono wa birika.
Basi kila jioni ya baridi alifungua bilula zote mbili,
gari likakojoa uani, mvuke ukipanda hadi magotini mwake,
kisha akafunga kadi kwenye usukani kwa uzi wa katani:
HANA MAJI.
Hana, kama mtu.
Asubuhi, kweli, mkono wa birika:
alilinywesha gari maji ya moto
kabla sisi hatujapata chai.

Mpaka ile Januari jalidi ilipopasua injini,
ufa mrefu kama kidole changu cha wakati ule.
"Alisahau," mama alisema.
Akalisema tena kila basi lilipochelewa,
kila tulipobeba viazi kutoka sokoni kwa miguu,
miaka thelathini, bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya wiki.
Naye hakujitetea.
Aliyefanya jambo moja jioni mia
ataapaje juu ya jioni moja?

Siku ya nne alikuja jirani, mzee Ollerenshaw,
fundi wa treni za moshi zamani, akainama kwa shida.
"Usishindane nayo. Shaba laini. Ukiivunja humo, umeizika humo."
Tukaipasha moto kwa taa ya mafuta, tukaiacha ipoe,
tukaipasha tena.
Ikalia kidogo, kama mlango wa kanisa,
ikatoka nzima kiganjani mwangu.

Niliipeleka dirishani.
Kishikio kilikuwa kimelala sambamba na mrija.
Nikaigeuza, nikaitazama tena.
Sambamba. Yaani wazi.
Siku nne nimeiomba ifunguke,
nayo wazi tangu jioni ile.
Ila kooni mwake, tope jekundu,
kutu na chokaa ya maji ya milimani kwetu,
limekauka gumu kama tofali.
Nililitoboa kwa spoku ya baiskeli. Likadondoka unga.
Ollerenshaw alivua kofia, akajikuna, akaivaa.
"Alifungua," akasema. "Hayakutoka."

Nikaichemsha kwa siki katika sufuria ya zamani.
Nikapaka uji wa kusagia vali, nikaizungusha
nusu mbele, nusu nyuma, nusu mbele,
mpaka shingo yake ikavaa pete ya kijivu isiyokatika.
Washa mpya. Ufa tayari umeshonwa kwa chuma na kijana wa Chesterfield
aliyenitoza zaidi ya thamani ya gari.

Jumapili nilikwenda kwa mama, Bakewell, kule wanakomtunza.
Ana miaka tisini na nne na shali ya mtu mwingine.
Nikamweleza yote: kishikio, tope, spoku.
Alisikiliza kwa adabu.
"Nani alisahau?" akauliza.
Nikamwambia hakuna.
Akaomba biskuti.

Nimejaza maji. Inavuja:
tone moja, nahesabu hadi kumi na tisa, tone jingine.
Kesho nitaitoa, niisage upya.
Usiku huu nimezifungua zote mbili, uani,
nikapiga magoti kwenye mvuke nikachungulia ya pili,
nikaingiza spoku kuhakikisha,
nikaiingiza tena.
Kadi bado ipo, uzi umeoza.
Nimeifunga kwa kamba ya kiatu.

Hana maji.