Kikapu Kisicho na Kitako

Nyanya alikuwa akisuka ukili barazani, Majengo.
Akaniona na mpira, akauliza bila kuinua uso:
"Kikapu gani hicho kisicho na kitako?
Unatia, chamwaga. Unatia, chamwaga.
Nani atakinunua?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
na futi sita kasoro inchi.
Fundi Shee alipanda stuli kunipima sare ya shule,
akadai yadi moja ya ziada.
Mama akalipa, akanitazama
kama mtu atazamaye bili ya maji.
Watoto wa mtaa: "Mejumaa, huko juu kwanyesha?"
Nikajifunza kuinama kabla mlango haujaniambia.

Mwalimu Dzombo ndiye wa kwanza kunitaka nisimame wima.
Akanipeleka chini ya ubao uliobambuka rangi:
"Hapa ndipo kwako. Wengine watapita. Wewe kaa."

Na hiyo ndiyo kazi ya senta, ukitaka kujua.
Si kukimbia na mpira upigwe picha.
Ni kugeuza mgongo,
ni kiwiko cha mbavuni ambacho refa hakukiona,
ni kuwa nguzo, Nafula apite ubavuni mwako,
afunge yeye, ashangiliwe yeye,
nawe upige makofi
huku ukihesabu meno kwa ulimi.

Misimu kumi na sita.
Mchana karani wa ghala, Shimanzi,
naandika magunia ya chumvi na mabati yaliyopinda;
jioni sakafu ya saruji, Tononoka,
ingali na joto la saa nane.
Jasho la Mombasa halikauki, lahama tu:
kutoka shingoni mwangu hadi kwenye mpira,
kutoka mpirani hadi viganjani mwa watu wa bara.
Ukawaponyoka.
Tuliishukuru hewa kama mchezaji wa sita.

Ramadhani tulifanya mazoezi baada ya tarawehe,
tumboni tende tatu na uji wa pilipili manga.

Mara moja niliitwa ng'ambo, Iskandaria.
Mshahara wa kwanza ulikuja, wa pili ukaja.
Wa tatu ukaja inshallah,
na wa nne hata inshallah haikuja.
Nilirudi na koti zito la sufu.
Mombasa haina siku ya koti lile.
Laning'inia nyuma ya mlango,
limesimama wima kuliko mimi.

Goti la kushoto ndilo lililoniaga kwanza.
Daktari akaniinulia picha kwenye mwanga:
mfupa kwa mfupa,
kama majirani wasiosemezana waliobomolewa ukuta.
Nikamwomba msimu mmoja.
Akacheka. Nikacheza miwili.

Mechi ya mwisho hatukushinda, tusidanganyane.
Faulo ya tano, robo ya nne, dakika saba zimebaki.
Nikaketi, taulo kichwani,
na Saumu Mwachiro, miaka kumi na tisa,
akaingia pahali pangu
akamtia mtu kiwiko kile kile nilichomfundisha.
Niliona raha ambayo si adabu kuisema.

Nyanya, jibu nimelipata, ingawa kaburini hukuniachia nambari.
Kikapu kingekuwa na kitako
mpira ungekaa humo na mchezo ungekwisha.
Mimi nimeishi kwa kile kilichomwagika.
Kilichogonga chuma, kilichokataa,
kilichoanguka watu wakiwa wameshageuka kuondoka,
hicho ndicho kilichonilipia kodi.

Nimejenga Kisauni, vyumba viwili.
Fundi aliuliza urefu wa mlango.
Nikamwambia futi saba na nusu, akadhani natania.
Jana Saumu alikuja kuchukua viatu vyangu vya zamani.
Alipofika mlangoni akainama,
juu yake pamebaki shubiri nzima ya hewa.

"Toka nje," nikamwambia.
"Ingia tena."