Lifti ya Saa Kumi na Robo

Jumatatu usiku, duka limefungwa, tanuri limepoa,
nikakaa na kompyuta kwenye meza ya kukandia,
unga ungali umejificha nyufani.
Siku moja tu kwa mwaka mimi na Ladina twapanda mlimani,
na mimi ni mwoka mikate:
chumvi naipima kwa gramu,
basi na siku nikaipima.

Nukta ya kwanza: lango la tiketi, saa mbili na dakika tano.
Kisha kiti cha watu wanne hadi Mot Sulai,
mteremko wa buluu, wa kupasha magoti moto,
nyekundu namba kumi na saba,
supu ya shayiri saa sita kasorobo,
halafu ng'ambo, bonde la pili,
na nukta ya mwisho niliyoipigia mistari miwili:
lifti ya kurudi hufungwa saa kumi na robo.
Nukta ishirini na tatu. Nikazimimina ndani ya saa
kama hamira kwenye maji vuguvugu, nikangoja.
Ikatetemeka mkononi: tayari.

Ladina akachungulia, mswaki mdomoni.
"Baba, choo umekiweka wapi?"
Nikaongeza nukta ya ishirini na nne.

Asubuhi ilitii.
Mshale ulielekeza, tukafuata,
theluji ikialika chini ya skii
kama ganda la mkate unaopoa.
Ila kwenye viti, miguu ikining'inia juu ya misonobari,
saa ilinung'unika: mmetoka njiani, mmetoka njiani.
Haikujua mtu aweza kupanda mlima ameketi.
Ladina alicheka mpaka fimbo ikamponyoka,
ikaenda kusimama wima kule chini
mahali pasipo na nukta.

Tukaifuata.
Hapo ndipo penye kosa, kama lilikuwa kosa.
Mita mia mbili kando ya nyekundu, magoti ndani ya unga
(unga, ndiyo, sina neno jingine),
akaniita nione nyayo za sungura wa theluji:
zinakwenda, zinasita, zinarudi,
zinazunguka kisiki kimoja mara tatu.
"Huyu naye alipanga jana usiku?"
Sikujibu. Nilikuwa natazama mkono.

Alasiri ukungu ukashuka bila hodi.
Mbele nyeupe, nyuma nyeupe;
sikujua kama nateleza au nimesimama
hadi nilipoanguka, nimesimama.
Hapo niliishukuru ile saa, sifichi.
Kushoto, ikasema, kushoto tena,
na vijiti vya rangi ya chungwa vikatokea kimoja kimoja
kama watu waliochelewa ibada.
Nilivua glavu nibonyeze kitufe; vidole vikafa ganzi.
"Shika mkoba wangu." Akashika.

Tulifika saa kumi na dakika kumi na tisa.
Viti vitupu vilikuwa vikiyumba.
Riet wa lifti alikuwa akifagia mlangoni,
akatuonyesha kituo cha basi kwa mpini wa ufagio.
Saa ilikuwa sahihi. Saa ndiyo iliyotupita.

Basi lilizunguka mlima mzima, viatu vyetu vya plastiki
vikitoa maji yaliyotiririka hadi kwa dereva kila breki.
Ladina alilala begani kwangu,
kofia ngumu mapajani kama bakuli.
Saa iliandika kila kona ya barabara kwa bidii,
kana kwamba hiyo ndiyo safari,
hadi betri ikazima kwenye daraja la Punt Averta
na mstari ukakatika hewani, juu ya mto.

Saa nane usiku niko mbele ya donge la kwanza.
Nimefungua ramani kidogo tu:
mstari wangu mnyoofu, na ule mwingine,
na kando ya namba kumi na saba fundo,
dakika arobaini na moja
ndani ya duara lisilozidi duka hili.
Kompyuta yauliza: nifute sehemu zisizo na mwendo?
Mikono yangu ina unga.
Naiacha iulize.