Milimita Kumi na Moja

Saa nane usiku, maabara ya hospitali, Tanga.
Feni imekufa tangu Ramadhani.
Nafungua kitanuri cha nyuzi thelathini na saba
(joto la mwili, tumeliiga kwa umeme)
natoa kisahani cha Mamvua Shekalaghe,
mkata mkonge wa Ngomeni.
Ncha ya jani ilimchoma chini ya goti,
akacheka, akaendelea kufunga mitita.

Hii ni mara ya pili nampima.
Usaha wake niliupaka jana kama mtu apakavyo siagi,
nikapanga juu yake karatasi sita za duara,
kila moja na dawa yake, kila moja na herufi.
Dawa ikifanya kazi, kuizunguka karatasi hubaki uwanja mtupu,
uliofagiwa.
Usiku huu hakuna uwanja.
Wameota mpaka mlangoni.
Wameota mpaka juu ya herufi.

Sikio la kufa halisikii dawa, tuliambiwa.
Hawa hawasikii dawa,
na hawafi.

Sikuulizi kitu, Mamvua. Nalijua kabati.
Nalijua kopo lenye vidonge vinne vilivyobaki
kwa kuwa homa iliisha Alhamisi na dozi ilikuwa ya mpaka Jumatatu.
Nalijua duka linalouza rangi mbili bila cheti,
pamoja na vocha na kiberiti.
Nawajua kuku wa shemeji yangu kule Pongwe,
wanakunywa tetrasaiklini kuliko wodi nzima.
Naujua na mkono wangu mwenyewe, mwanangu alipokohoa.
Tuliwapeleka shule.
Wamehitimu.

Rafu ya chini kuna kisahani kingine, si changu.
Ni cha Rukia Mntangi, anasomea shahada ya pili
na hula ndizi kwenye ngazi ili asichafue meza.
Vimelea ni vya Mamvua, vya wiki iliyopita.
Rukia alichemsha majimaji ya mkonge,
yale yamwagwayo korongoni yakanuka mpaka barabarani,
akatia chumvi ya fedha, akangoja.
Yakageuka rangi ya chai kavu.
"Humu mna fedha," akaniambia, "ila huwezi kuihesabu."
Nikamwambia, kama ya mshahara wangu.
Chembe ndogo hivi kwamba unywele mmoja
kwao ni nguzo ya umeme.
Bibi yangu alivaa fedha kifundoni, nzito, ikilia;
hakujua kwamba ikisagwa kiasi hiki huuma.

Na karatasi ya pembeni, peptidi:
kamba fupi ya asidi amino, imeigwa ngozi ya chura
aishiye uchi kwenye unyevu wa Amani,
kati ya kila aina ya kuvu, na haozi.
Dawa zetu ni wageni wenye funguo;
vimelea vimebadilisha kitasa.
Kamba hii haina ufunguo.
Ukuta wenyewe unaivuta,
inalala juu yake, inazama,
kama masika inavyotafuta tundu la bati,
na kilichomo ndani kinavuja.

Nachukua rula. Mkono unatetemeka; nasema ni usingizi.
Fedha peke yake, saba.
Chura peke yake, tisa.
Zikiwa pamoja, kumi na moja,
na karatasi yenyewe ni sita.
Kiuwanja. Lakini kimefagiwa.

Kisahani si mguu.
Hakina figo, hakina ini, hakina mtu anayekisubiri nyumbani.
Kamba ya chura yaweza kutoboa hata damu yetu,
tumbo laweza kuimeng'enya kama kipande cha samaki;
fedha tunajua inavyoingia,
inavyotoka tunabishana.
Na vimelea, vikipewa muda, navyo vitasoma.
Rukia anajua. Daftarini ameandika "miaka 10?"
kwa penseli, akafuta, akaandika tena.

Mamvua ana mpaka saa mbili asubuhi.
Jasho laniingia jichoni, jicho linatoa machozi;
hata humo, Rukia husema, kamba hizo zimo,
tumezaliwa nazo.

Najaza fomu. Sugu. Sugu. Sugu.
Sugu. Sugu. Sugu.
Hakuna kisanduku cha kumi na moja.
Naiandika ukingoni, ndogo,
kwa penseli.