Jumla Hadi Leo

Kila Ijumaa bahasha ilikuja ya kahawia,
na juu yake, kwa penseli: 310.
Hapana jina. Hapana tarehe.
Namba tu, imelala ubavu
kama mtu asiyetaka kuulizwa.

Udobini kwa Bwana Ackroyd, nyuma ya stesheni, Bradford,
tunafua shuka za hoteli tusizowahi kulala.
Grazhina amezipa mashine majina ya shangazi zake.
Mimi naandika saa zangu kwenye kalenda ya buchani,
chini ya picha ya kondoo:
saba, tisa na nusu, tisa, tisa, tisa.
Nikijumlisha napata arobaini na tatu na nusu.
Bahasha haijui kujumlisha.

Niliuliza mara moja. Bwana Ackroyd alicheka vizuri,
akanipa biskuti.
"Sisi hapa ni familia, Mwanahawa."
Nikasema moyoni: kwetu hata baba mzazi
akikopa sukari dukani kwa mwanawe
huandikwa.
Mali bila daftari huisha bila habari.
Na jasho je?

Novemba nikaenda kutafuta chumba, Manningham.
Wakala akavaa miwani. "Lete hati tatu za mshahara."
Nikamwonyesha mikono, klorini ilivyoibabua.
Akasema, kwa upole kabisa,
hiyo hawezi kuitoa fotokopi.

Jumatatu nikapanda ofisini.
Sumaira, karani, mtia fedha kwenye bahasha,
alikuwa anachonga penseli.
"Sheria inasema," nikaanza (nilikuwa nimeikariri ndani ya basi),
"siku ya malipo au kabla yake
kila mfanyakazi apewe karatasi:
malipo kabla ya makato,
kila kato na sababu yake,
kinachobaki mkononi.
Na anayelipwa kwa saa, saa zenyewe ziandikwe."
Akachonga, akachonga, penseli ikabaki kidole.
"Najua," akasema. "Miaka sita naandika bahasha zenu.
Na ya kwangu naiandika mwenyewe,
kwa penseli hii hii."

Saa ya chai tukapiga simu ya ushauri, watatu,
tumejibana kati ya mashine mbili za kukaushia.
Mwanamke wa upande wa pili akauliza:
mna ushahidi wowote?
Grazhina akadaka: "Tuna kondoo."

Sitasimulia barua zilizokwenda na kurudi,
wala majuma ambayo salamu ilikatwa
bila kuandikwa popote kuwa ni kato.

Ijumaa moja ya Machi bahasha ilikuja nyeupe.
Jina langu, herufi moja imekosewa.
Saa: 43.50.
Kodi. Bima ya taifa.
Niliisoma nimesimama, midomo ikitembea,
shangazi mmoja akizunguka nyuma yangu na mashuka ya watu.
Nikafika chini, kulia, kisanduku cha mwisho:
jumla hadi leo.
Ilikuwa fedha ya juma lile moja.
Miaka mitatu nimefua,
na kwa karatasi hii nimezaliwa Ijumaa.

Nimeshusha kalenda juu ya kabati:
ya kondoo, ya ng'ombe, ya bata mzinga.
Nimenunua kalamu ya wino.
Grazhina yuko njiani, analeta mikate.
Sumaira amesema atafika saa kumi na mbili,
na bahasha zake zote za kahawia,
hakutupa hata moja.