Hodi ya Waya wa Kijani

Luvsandorj aliingia na gari lake la kijivu,
nikausukuma mlango upesi nyuma yake: nje
digrii thelathini chini ya sifuri,
na Darkhan nzima inavuta moshi wa makaa.
"Mshale umelala," akasema. "Tangu Novemba.
Nikikimbia, sifuri. Nikisimama, sifuri.
Gia nazo zinaruka kama mbuzi aliyenusa mbwa mwitu."

Fundi wa kwanza alimbadilishia sensa ya mwendo.
Wa pili akaing'oa ile mpya, akaweka mpya nyingine.
Wote wawili walilipwa.
Mimi sikugusa kabati la vipuri.
Nilichukua mita, nikapiga magoti.

Nyaya ni tatu tu.
Mwekundu huleta umeme, mweusi huurudisha kwao,
wa kijani ndiye mjumbe:
gurudumu likizunguka, yeye hubisha kwa kompyuta,
hodi, kimya, hodi, kimya,
na kompyuta huzihesabu hodi hizo, ikaziita mwendo.

Mwekundu: volti kumi na mbili na ushei.
Mweusi: umeshika bodi barabara.
Nikaliinua gari kwa jeki, nikamwambia Dulmaa, mwanagenzi wangu,
azungushe gurudumu kwa mkono, polepole.
Tano. Sifuri. Tano. Sifuri.
Tukawasha injini, tukatia gia, mshale ukaamka
kama mtoto aliyekuwa akijisingizia usingizi.

Luvsandorj akacheka. Mimi sikucheka.
Ugonjwa unaopoa mlangoni kwa mganga
humngoja mgonjwa njiani.

Nikammiminia chai ya maziwa na chumvi.
Gari hulala wapi?
"Uani kwa hospitali."
Na huacha kuhesabu saa ngapi?
Akafikiri, bakuli mkononi.
"Likishapoa," akasema.

Basi tukalitoa nje, tukaliacha lipigwe na baridi
mpaka chuma chake kikaanza kulia.
Nikachomoa betri, nikachomoa plagi zote mbili,
ncha moja ya mita kwa sensa, nyingine kwa kompyuta,
Dulmaa akimulika tochi, kope zake zimeota barafu.
Ndani, dakika arobaini zilizopita, njia ilikuwa nyeupe.
Sasa mita haikuandika chochote.

Nikaufuata waya kwa vidole visivyosikia tena,
inchi kwa inchi, juu ya giaboksi,
hadi pale unapopinda kukwepa kibano.
Hapo ukalegea mno, kama mkono usio na kiwiko.
Nikaupasua kwa wembe:
ngozi nzima, mfupa umevunjika.
Shaba imekatika, imeota kutu ya kijani.
Kwenye joto ncha mbili hugusana,
kwenye baridi kila moja hujikunyata kwake.
Na sensa mbili zilihukumiwa kwa kosa hilo!

Kukata, kulehemu kwa risasi, kuvisha mpira:
robo saa. Nikamtoza ya robo saa,
na ya lile saa la baridi, maana mimi si mtakatifu.

Lakini hakuondoka. Alikaa kwenye usukani
akiutazama ubao wa kilomita.
"Hizi za tangu Novemba," akasema, "zinarudishika?"
Kutoka Sharingol hadi hospitalini, kwenda na kurudi,
mkewe Narantuya yuko ghorofa ya tatu.
"Gari linasema sijatoka nyumbani."

Nikamweleza ukweli wa kifundi:
hodi isiyofika haikubishwa.
Hata mimi sikuupenda ulivyotoka.

Dulmaa, umri miaka kumi na saba, hajaulizwa,
akanyakua kitabu cha risiti.
"Safari ngapi?"
Hakuhesabu, alikuwa nazo: "Arobaini na moja."
Akaandika chini ya waya na risasi,
kwa mwandiko wake wa kuegemea kushoto:
safari 41, zilikwendwa.
Akagonga muhuri wa gereji.

Aliikunja, akaichomeka juu, kwenye kizuia jua.
Mlango ukafunguka, baridi ikatuvamia,
akaenda.

Zile sensa mbili bado zimo kabatini.
Nzima kabisa. Mwenye gari kama lile akitokea,
moja nitampa bure.