Mablanketi ya Agosti

Kabichi ya ndege ya Alhamisi ilifika Jumanne.
Ukungu uliizuia.
Dola kumi na nne na senti ishirini,
majani yake yamelegea kama soksi iliyokatika mpira.
Shangazi Alphonsine aliigeuza, akaipapasa,
akairudisha rafuni polepole
kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake.
Kando yake soda zimejipanga.
Soda haiozi. Soda haingoji ukungu.

Mimi ndiye niwachomaye vidole zahanati.
Tone la damu, kijikaratasi, namba.
Yake: kumi na nne nukta mbili.
"Ah," akasema, "sawasawa na kabichi."
Tukacheka hadi Bertha wa mapokezi akachungulia.

Mei, barafu ya mto ilipopasuka usiku
kwa kishindo cha makabati yanayoangushwa,
alichukua sululu akaenda nyuma ya shule ya misheni,
ile iliyobaki msingi tu,
ambako akiwa na miaka saba
alimenya viazi vya mapadri
na kupigwa kwa kuhesabu maganda kwa lugha ya mama yake.
"Ardhi hii inanidai, au naidai mimi.
Lazima mmoja wetu alipe."

Shibiri tatu chini, sululu iligonga ikalia:
barafu isiyowahi kusikia habari ya kiangazi.
Basi tukainua matuta juu yake,
vichwa vya samaki, majivu ya jiko,
na matusi kidogo, maana mbu walikuwa wengi.

Juni jua halikutua.
Lilizunguka ukingo wa mbingu
kama mbwa anayetafuta pa kujilaza, asipapate,
na viazi navyo vikakesha, vikanenepa gizani mwao.

Daktari wetu hukaa kusini. Huja kwa skrini.
"Punguza wanga," alisema. "Viazi hasa."
Shangazi akasogeza uso mpaka ukajaa kioo:
"Wewe umewahi kuinama mara mia mbili
kwa ajili ya kiazi kimoja?"
Mtandao ukakatika, daktari akaganda mdomo wazi.
Mpaka leo hajamjibu.

Kisha Agosti, tarehe kumi na tisa.
Redio ya kijiji ilikatiza bingo.
Sakafri ya usiku huo ingeua, akasema Hyacinthe,
kisha, baada ya kukohoa:
"Mwenye blanketi asilale nalo."

Wakaja.
Vijana na majaketi ya hoki, yenye namba mgongoni.
Bertha na kitambaa cha meza ya kanisa.
Mtu na turubai lenye damu kavu ya windo.
Mimi nilibeba mashuka ya zahanati,
jambo ambalo sijamwambia msimamizi.
Na Fibbie, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu,
akalivuta blanketi alilofunikia
mguu uliokwenda hospitali kusini usirudi.
"Chukueni," alisema. "Huu hausikii baridi."

Alfajiri shamba lilikuwa watu waliolala mstarini,
hatukujua nani angeamka.
Tukafunua mmoja mmoja.
Matuta manne, meusi.
Mengine yalitutazama na umande wake.

Magunia thelathini na moja.
Kila nyumba ilipata, hata ya yule
aliyetucheka kutoka dirishani,
na juu ya kila fungu, samaki mkavu.

Oktoba alirudi, akanyoosha kidole kabla sijaomba.
Kumi na moja nukta nane.
Si namba ya kupigiwa vigelegele.
"Na kabichi?"
"Kumi na sita, Shangazi."
"Basi tumepishana njiani," akasema.

Akatoa mfukoni kiazi chenye udongo bado,
akakiweka juu ya makaratasi yangu.
Niliposhukuru alinikata:
"Hicho ni mbegu. Usithubutu kukila."