Chini ya Kreni

Miaka kumi na tisa nilisimama chini ya kreni yake
bandarini Gdynia, kofia ya manjano, mikono hewani,
naye Wiesława yuko juu, ndani ya kibanda cha kioo,
mdogo kama punje ya mtama.
Hakugusa kontena hata moja.
Aliyabeba yote.

Kwa hiyo daktari alipomweleza
kwamba hatasimama kando ya kitanda,
atakaa pembeni ya chumba, uso ndani ya dawati,
na mikono minne ya roboti itaingia tumboni
kwa matundu yasiyozidi upana wa kidole,
aliyeogopa ni mimi.
Yeye aliuliza swali la kazi:
"Uzito unausikia?"

Daktari Pietrzyk hakukimbilia kujibu.
"Siusikii. Ninauona.
Nyama ikivutwa hubadilika rangi kabla haijachanika."
Wiesława akatikisa kichwa, fundi kwa fundi.
"Na mkono usipofika?"
"Nitainuka kitini, nitakupasua mwenyewe."
"Vizuri. Hata mimi kuna siku niliteremka ngazi."

Ilianzia kwenye ovari, ikatambaa.
Tulidhani ni unene wa kustaafu.
Sketi zikagoma kufungwa. Wakamtoa maji, lita sita,
wakamtundikia dripu tatu, nywele zikaenda,
uvimbe ukanywea. Yakabaki masalia,
chenga zilizonata kwenye utando wa tumbo
kama mchanga kwenye taulo bichi.

Saa ya kwanza. Saa ya nne.
Mashine ya kahawa ikameza sarafu zangu.
Ndani wamemlaza kichwa chini, miguu juu,
yeye asiyejua kuogopa kimo,
leo ndiye shehena.

Nikajikuta katikati ya korido,
kiganja kimeelekea sakafuni, kinashuka, kinashuka:
polepole, mama, polepole, kuna upepo.
Muuguzi akapita, akanitazama, akapita.

Alipozinduka alipapasa chini ya shuka, akahesabu bandeji.
Tano fupi.
Ya sita ndefu, chini ya mbavu za kulia.
"Aliteremka," akanong'ona.

Kinachoonekana kimetoka, daktari alisema.
Kisichoonekana tutakifuata kwa dawa.
Neno kupona hakulitaja, nami sikumwomba.

Wiesława akainua vidole viwili juu ya blanketi,
gumba na cha shahada, karibu kugusana.
Ishara yetu ya siku zote.
Bado kidogo.